Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma: Umbali Hupimwa kwa Mzigo

Ukiuliza umbali wa angani kati ya Dar es Salaam na Kigoma utaambiwa ni kilomita 1,080 hivi, na ndege ya mapangaboi huzimaliza kwa saa mbili na ushei. Kwa reli ya zamani ni kilomita zipatazo 1,250, na abiria hulala njiani usiku mara mbili. Kwa miguu, kabla reli haijafika, ilikuwa miezi mitatu kwa msafara uliobahatika na miezi minane kwa uliokosa bahati. Milima ya Usagara ipo palepale, na mto Malagarasi ungali unamwaga maji yake ziwani palepale. Kilichobadilika ni namna ya kubeba, na ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mtaa wa Kasingirima. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za mkoa wetu mpaka nikastaafu. Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi darasani kama hili: "Mwalimu, Dar ni mbali kiasi gani?" Nami nilizoea kujibu, "Unakwenda na nini, mwanangu?" Anayekwenda na mkoba begani yuko karibu na Dar es Salaam. Anayekwenda na magunia yuko mbali. Historia yote ya njia hii, kwa jinsi ninavyoisoma, inathibitisha jibu hilo.

Katika karne ya 19 safari haikuanzia Dar es Salaam wala haikuishia Kigoma. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 mji ukazorota. Misafara iliondoka Bagamoyo na vijiji vya jirani kama Kaole, mahali panapotazamana na Unguja. Huku bara ilikomea Ujiji, soko kubwa la Ziwa Tanganyika, ambako Waha, Wajiji, Wamanyema, Waswahili na Waarabu walikutana kwa pembe za ndovu, mawese, samaki, chumvi ya Uvinza na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Katikati ya njia palikuwa na Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ambako misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi na kununua chakula.

Njia yenyewe ilikata mbuga ya Makata, ikapanda Usagara kwa kufuata bonde la mto Mkondoa, ikatelemkia Ugogo iliyo kavu. Kutoka Ugogo iliingia Mgunda Mkali, pori la miiba ambalo kwa siku kadhaa halikuwa na kijiji wala maji ya kutegemewa. Baada ya Tabora palikuwa na misitu ya miyombo, vinamasi na vivuko vya Malagarasi. Msafara uliamka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akatangulia na bendera, ngoma ikalia, watu wakapanga mstari mmoja. Kabla jua la mchana halijachachamaa walikuwa wameshatua kambini. Kwa siku njema walikwenda kilomita kumi na tano, pengine ishirini.

Sasa tuupige hesabu mzigo wao. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Huo ulikuwa mtumba wa nguo uliobanwa kwa fito, gunia la shanga au koili za waya wa shaba. Nguo zenyewe zilikuwa merikani, ile shiti ngumu iliyotoka Marekani, kaniki ya buluu kutoka India, na vitambaa vya rangi walivyotamani watemi. Mpagazi alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Mtu akitembea siku mia moja, atakula zaidi ya kilo 70 za mtama au mahindi, mara mbili ya mzigo alioubeba. Kwa hiyo hakuna msafara ulioweza kubeba chakula chake chote. Ulilazimika kukinunua njiani, na ulinunua nafaka hiyo kwa nguo na shanga zilezile zilizokuwa mabegani.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza mambo mengi ambayo vitabu vya wasafiri vinayalalamikia tu. Inaeleza kwa nini msafara ulisimama wiki nzima kungoja mavuno ya kijiji. Inaeleza kwa nini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walitelemkia pwani wakati wa kiangazi na kuwahi kurudi mashambani kabla ya mvua. Inaeleza pia hongo ya Ugogo, ambayo wazungu waliiita unyang'anyi. Wagogo waliishi katika nchi yenye maji machache. Kundi la watu mia mbili likifika kisimani, maji ya ng'ombe na ya watoto yanapungua. Mtemi aliyetoza nguo kadhaa kabla ya kufungua njia alikuwa anatoza ushuru wa maji na chakula cha watu wake. Siku za mazungumzo ya hongo, na zilikuwa nyingi, zilikuwa sehemu ya urefu wa njia kama zilivyokuwa hatua za miguu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo katika safari ya Henry Morton Stanley. Aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akiwa na mizigo mingi iliyogawanywa katika misafara mitano. Alifika Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni, zaidi ya siku 90 baadaye. Mwaka uliofuata aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 akirudi pwani, na tarehe 6 Mei akaingia Bagamoyo. Ni siku zisizofika 55. Alirudi katikati ya masika, mito ikiwa imefurika na Makata ikiwa bahari ya matope, na bado alitumia muda mfupi zaidi. Njia ni ileile na kiongozi ni yuleyule. Tofauti kubwa ni kwamba nguo zilikwishatumika na mabega yalikuwa mepesi.

Richard Burton na John Speke walikuwa wameonja ugumu huohuo kabla yake. Walivuka kutoka Zanzibar Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba, na Ujiji wakaiona Februari 1858. Dunia inawakumbuka hao wawili. Mimi darasani niliwataka wanafunzi wamkumbuke kwanza Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke, akarudi tena bara na Speke na Grant, akawa kiongozi wa watu wa Stanley, kisha akavuka bara lote na Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Chama cha kifalme cha jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Ni Waafrika wachache wa karne ile walioijua njia hii kama alivyoijua yeye.

Susi na Chuma, watumishi wa msafiri Livingstone, nao waliibeba njia hii kwa namna nyingine. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba mpaka Tabora na kuendelea hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Karibu na Tabora wenyeji walikataa maiti isipite. Susi na wenzake wakaufunga mwili upya uonekane kama mtumba wa nguo, na ukapita. Katika njia ile mtumba wa nguo ulikuwa na ruhusa ambayo mwili wa binadamu haukuwa nayo.

Vita navyo viliirefusha njia. Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na wafanyabiashara wa Tabora mwaka 1871, barabara ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, ndiyo maana hakuingia Ujiji mpaka mwishoni mwa mwaka. Ramani haikuonyesha kilomita hata moja iliyoongezeka, lakini bei ya merikani Ujiji na bei ya pembe Bagamoyo zilijua.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, kwa sababu Bagamoyo ina ufuko wa kina kifupi na meli kubwa zilitia nanga mbali, wakati ghuba ya Dar es Salaam ina kina na imejificha kutoka kwenye upepo. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Treni ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na ziwani Februari 1914. Kwa sehemu kubwa reli ilifuata ujuzi wa misafara: bonde la Mkondoa, visima vya Ugogo, ukingo wa Mgunda Mkali, Tabora. Wahandisi walikuwa na vyombo vyao vya kupimia, lakini njia ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na miguu ya watu waliojua palipo na maji.

Mwisho wa reli haukuwa Ujiji. Ufuko wetu ni mpana na uko wazi kwa upepo na mawimbi. Mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kuelekea kaskazini ipo ghuba ya Kigoma, yenye kina na iliyozungukwa na vilima. Hapo ndipo palipojengwa stesheni na gati. Kwa hiyo pande zote mbili za nchi lilitokea jambo lilelile. Bagamoyo iliipisha Dar es Salaam, na Ujiji ikaipisha Kigoma, kwa sababu meli ilihitaji kina cha maji ambacho jahazi na mtumbwi havikukihitaji. Wazee wa Ujiji niliowakuta utotoni walilisema jambo hilo kwa uchungu, kama watu walionyang'anywa urithi, na sikuwaona wamekosea kusikitika.

Nguvu ya reli ilionekana mara moja. Mwaka 1913, katika kiwanda cha meli cha Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo kila mtoto wa ukanda wa ziwa analijua. Chuma kizito namna ile kisingeweza kupita Mgunda Mkali mabegani mwa watu. Behewa moja la tani 30 linachukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 900.

Vita vya 1914 hadi 1918, hata hivyo, viliwarudisha watu chini ya mzigo. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja, na majeshi ya pande zote yakawakamata wanaume kwa maelfu wawe wapagazi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliichukua Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo. Baada ya vita, mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite kwenye reli yetu. Hapo ndipo umuhimu wa Kigoma ulipojulikana kwa walio mbali: ni mlango wa nchi tatu.

Mimi nimelelewa na reli hiyo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gengi. Kazi yao ilikuwa kubadilisha mataruma, kukaza boliti na kuzibua mifereji kabla ya masika, kati ya Uvinza na Kigoma. Mama alinunua mawese kwa wakulima, akayatia kwenye madebe na kuyapeleka stesheni. Shangazi aliyapokea Dar es Salaam na kurudisha kanga, sabuni na vyombo vya udongo. Biashara hiyo ya madebe machache ndiyo iliyonilipia ada ya shule. Tulipokwenda kumtembelea shangazi tulipanda daraja la tatu. Uvinza tulinunua chumvi, Tabora asali, na Saranda, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, wachuuzi walituletea chakula cha moto madirishani. Nchi niliyoifundisha baadaye ubaoni niliijua kwanza kupitia dirisha la behewa. Ndiyo maana nilikuwa na hakika nilipowaambia wanafunzi kwamba Tanzania ina watu katikati yake pia, na kwamba kila stesheni ni soko la kijiji kizima.

Mkondoa haukuwahi kusamehe. Mto ule uliowachelewesha wapagazi umeisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe zaidi ya mara moja, na kila ulipofanya hivyo bei ya sukari na saruji Kigoma ilipanda kabla ya mwezi kwisha.

Ndege zilikuja polepole. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946 na likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Mwaka huohuo likaanzishwa Shirika la Ndege Tanzania. Kwa miongo mingi ndege ya Kigoma ilikuwa ya maofisa, madaktari na wageni. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kununua ndege mpya, abiria wameongezeka na safari zimekuwa nyingi. Siidharau ndege hata kidogo. Mgonjwa wa moyo anayewahishwa Dar es Salaam anajua thamani ya saa mbili, na mama anayewahi mazishi ya mwanawe anaijua vilevile.

Ndege pia hutufundisha jiografia kwa wepesi. Kati ya miji hii miwili kuna nyuzi tisa na nusu za longitudo, na kila nyuzi moja jua hutumia dakika nne kuivuka. Kwa hiyo magharibi ya Kigoma huja kama dakika 38 baada ya ile ya Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani zinasema mamoja. Mwezi wa Ramadhani mtu aliyepanda ndege alasiri huko Dar hufuturu kwa jua la Ujiji, na wenzake aliowaacha pwani wameshaswali magharibi na kuondoa vyombo. Wapagazi walivuka dakika hizo 38 kwa miezi, kiasi cha nusu dakika kwa siku, na hakuna aliyezihisi.

Lakini abiria huyo, kwa kawaida, anaruhusiwa mzigo wa kilo 23. Ni pungufu ya mtumba mmoja wa Mnyamwezi. Hapa ndipo ninaporudi kwenye jibu langu la darasani. Mwaka jana nilikwenda mwalo wa Kibirizi kununua dagaa, nikakutana na mama mmoja niliyemfundisha. Alikuwa akifunga magunia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mzigo unakwenda wapi?"

"Dar, mwalimu. Ila sijui utafika lini. Treni ina foleni, na lori limepandisha nauli."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi naweza kufika leo jioni. Dagaa wangu ndio walio mbali."

Sijasikia maelezo bora ya umbali kutoka kwa profesa yeyote. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, mawese, maharage, chumvi na tangawizi ndivyo vinavyolisha kaya za mkoa huu. Havisafiri kwa ndege. Vinangoja behewa, na vinapongoja, Kigoma inarudi nyuma kwenye hesabu ya wiki, kama ilivyokuwa msafara ulipongoja mavuno.

Mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya ya kisasa zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa tatu hadi nne. Mkataba wa kujenga kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Nimefurahi kama mtoto wa mtu wa gengi anavyopaswa kufurahi. Hata hivyo naona sifa zote zinakwenda kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na watu wanaulizana abiria atafika baada ya saa ngapi. Historia ya njia hii inatutaka tuulize swali la pili pamoja na hilo: gunia litafika lini, na kwa bei gani?

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wanaopanga ratiba na nauli za reli mpya. La kwanza, treni ya mizigo ya Kigoma ipewe nafasi yake tangu siku ya kwanza, pamoja na behewa la vifurushi kwa mama mwenye madebe manne ya mawese, isiwe mabaki ya treni ya abiria. La pili, treni nyingine zisimame Uvinza, Kaliua, Itigi na Saranda, maana wachuuzi wa huko wameishi na reli kwa zaidi ya miaka mia moja na hawana uwanja wa ndege. Na kwa walimu wenzangu wanaoendelea na kazi: mkiwafundisha watoto umbali wa Dar es Salaam na Kigoma, wapeni kilomita, wapeni saa, kisha wapeni na uzito wa frasila mbili wauinue kwa mikono yao wenyewe.